Idi ya Mtu Mmoja

Nimekula Idi peke yangu mara moja tu maishani, na pilau yenyewe ilikuwa nzuri. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nalalamikia chakula. Nilikuwa mpishi wa jeshi kwa miaka mitatu huko Ismailia, kando ya Mfereji wa Suezi, wakati wa vita vya pili vya Wazungu, na kama kuna jambo moja ambalo watu wa Msambweni hawajawahi kunibishia, basi ni pilau. Mengine yote wamenibishia.

Ismailia ndiko nilikojifunza dunia. Nilikuwa nikisimama ukingoni na sufuria langu, nikitazama meli zinavyopita katikati ya mchanga, moja nyuma ya nyingine, nyingine zimebeba mafuta ya kwenda Ulaya, nyingine nguo na sabuni za kuja kwetu. Nikaona kwamba ufalme wote ule wa Waingereza, pamoja na bendera yao iliyoko Kwale na makarani wao wa kodi, unapita kwenye kichochoro ambacho mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Niliporudi nyumbani nikawaeleza wenzangu. Wakasema, "Makame amerudi na maneno." Nami sina subira na mtu anayecheka asichokijua, kwa hiyo tukaishi hivyo, wao na kicheko chao, mimi na maneno yangu.

Redio niliinunua Mombasa mwaka wa hamsini na nne, redio ya betri, na betri yenyewe nzito kama tofali. Kila jioni nilikuwa nikiitafuta Kairo, maana Kairo walikuwa wameanza kusema Kiswahili, na walisema mambo ambayo redio ya Nairobi isingethubutu kuyanong'ona. Mke wangu Biasha alistahimili mwaka mmoja. Kisha akarudi kwao Vanga, akasema yeye hakuolewa awe mke mwenza wa sanduku. Sikumfuata. Leo ningemfuata, lakini wakati ule nilikuwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Basi ikafika mwaka wa hamsini na sita, Raisi wa Misri akatangaza kwamba mfereji ni mali ya Misri, na ghafla baraza yangu ikawa haina pa kutia mguu. Watu waliokuwa wakinicheka walikuja na mikeka yao. Mwezi wa kumi na moja mabomu yakaanguka, meli zikazamishwa mferejini, njia ikaziba. Na hapo hata asiyejua Misri iko wapi akaijua, kwa sababu mafuta ya taa yalipanda, unga wa ngano ukapanda, betri zikapanda kuliko vyote, na kitu kimoja tu kikashuka: mbata zetu, nazi tunazozikausha na kuziuza. Mnunuzi wa Kombani alituambia wazi kwamba meli sasa zinazunguka kusini kabisa mwa Afrika, nauli imekuwa kubwa, na pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Mtu mwenyewe ni mwenye minazi.

Usiku mmoja barazani watu wakaniuliza, "Makame, tuuze au tungoje?"

Niwaambie nilivyokuwa nikijiona usiku ule. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu Marekani na Urusi, mahasimu wale, wakiwaambia Waingereza na Wafaransa kwa kauli moja: ondokeni Misri. Na Waingereza wakawa wanafunga mizigo! Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia Mwingereza akiamrishwa. Niliona dunia inageuka upande wa pili kama mtu kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa macho. Nikasema, "Ngojeni. Wiki mbili mfereji utafunguliwa, na bei itarudi na ziada."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Kesho yake wote wakaenda Kombani kuuza, kila mmoja kwa njia yake ili asionwe na mwenzake. Aliyengoja ni mmoja tu, dada yangu Mwanaima.

Mwanaima ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado sijaota meno yote, na yeye ndiye aliyenilea mgongoni huku akisuka ukili wa mikeka. Alipofiwa na mumewe alitia nia ya kwenda kuhiji, na tangu hapo kila nazi iliyoanguka shambani mwake ilianguka kwa ajili ya Makka. Wanawake sita wa Msambweni walikuwa wameagana kwenda pamoja, wapande meli Mombasa hadi Jidda, baada ya Ramadhani ya mwaka uliofuata. Wenzake walikuwa tayari. Yeye alibakiza mbata zile za mwisho tu.

Alikuja kwangu akauliza neno moja. "Tungoje?"

Nikamwambia, "Ngoja, dada."

"Wewe umesema, basi," akajibu, akaenda akafunga mlango wa ghala.

Mfereji ulijaa meli zilizozama, na kuzitoa kulichukua miezi mitano. Mimi niliyajua ya Marekani, niliyajua ya Urusi, ya mbata sikuyajua. Mbata haingoji mtu. Mvua za vuli ziliingia kwenye makuti ya ghala lile, mbata zikaota ukungu, kisha wakaja wale wadudu wekundu. Mwezi wa kwanza tulipofungua mlango, harufu ilitutoa nje. Mnunuzi wa Kombani alishika kipande kimoja kwa vidole viwili, akakirudisha, akafuta vidole. Tulichimba shimo tukafukia, mimi na dada yangu, asubuhi nzima.

Angenitukana ningelala usingizi. Mimi ni mtu wa matusi, nayajua, yakiniangukia nayachukua na kuyarudisha. Lakini Mwanaima hakunitukana. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba. Nilipotaka kuiuza redio ili nimpe alichokosa, alisema, "Bei ya sanduku hilo hainifikishi hata Lamu, Makame, na mimi sitaki kwenda kwa Mwenyezi Mungu kwa redio." Hayo tu. Ila sahani zilikoma. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na hatua mia na kitu, na tangu Biasha aondoke haikupita siku asiniletee kitu chini ya kawa: muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, hata makoko ya wali. Sasa hakikuletwa kitu. Na baraza yangu nayo ikakauka, maana watu walipata sababu nzuri ya kutoniamini, na sababu nzuri ni raha. Sefu, ambaye aliuza mbata zake siku ile ile ya kwanza, alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu na kuuliza kwa sauti, "Wiki mbili bado?"

Ramadhani ya mwaka wa hamsini na saba iliingia mwanzo wa mwezi wa nne, masika yakiwa yameanza. Nilifuturu peke yangu siku zote. Ramadhani zilizopita dada yangu alikuwa akiniletea uji wa pilipili manga, wa moto, mwiko umesimama, na ningeuona tu ningejua kwamba siku imekwisha salama. Mwaka ule nilijipikia mwenyewe. Mpishi wa jeshi anajua kupikia watu mia mbili, kupikia mmoja kunamshinda. Kila siku nilimwaga.

Katika wiki ya pili ya kufunga mfereji ukafunguliwa. Kairo walipiga tarumbeta. Meli zinapita, wakasema, na zinalipa ushuru kwa Misri. Nilisimama katikati ya chumba changu nikiwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikaenda hadi mlangoni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikarudi nikaizima redio ili betri isiishe, maana betri mpya sasa ilikuwa bei ya mbuzi, nami nilikuwa na shabaha moja iliyobaki nayo: nilitaka initoshe hadi usiku wa kutafuta mwezi wa Idi.

Kuna jambo moja zaidi la kueleza kabla sijafika huko. Dada yangu alikuwa na desturi yake. Kila Idi, tangu nikiwa mtoto wa kutambaa, alinipa mkono wa Idi, sarafu ya senti kumi yenye tundu, ameifunga kwenye pindo la leso. Nilikwenda vitani nikarudi, nikaoa, nikaachwa, ndevu zikaingia mvi, na kila Idi alifungua fundo lile na kunitia sarafu kiganjani mbele za watu, nami nikijifanya naona haya. Idi ya mwaka ule nilijua sarafu ile sitaipata. Nasema kweli, hilo ndilo nililoliogopa Ramadhani nzima. Si Sefu, wala baraza tupu.

Ikafika Jumanne, siku ya ishirini na tisa ya kufunga. Jioni watu walitoka kutafuta mwezi, na mawingu yalikuwa yametanda kuanzia Galu mpaka Vanga, meusi, hata jua lenyewe hatukuliona likizama. Hakuna aliyeona kitu. Nikaingia ndani, nikafuturu kwa tende mbili, nikafungua redio. Sauti ilikuwa nyembamba lakini safi. Msomaji alisema mwezi umeandama Misri, na kesho Jumatano ni Idi. Alilirudia mara mbili. Kisha akasoma salamu za sikukuu.

Nilivaa viatu vibaya, cha kushoto kulia, nikaenda msikitini kabla ya tarawehe.

Imamu wetu ni Maalim Mwinyihaji, mtu mpole ambaye hajawahi kunikosea, na pengine ndiyo sababu sijampenda sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bwana Makame," akasema, "Kairo wana mwezi wao, nasi tuna wetu. Ndivyo tulivyosoma kwa mashekhe wetu. Hapa haukuonekana, wala hatukupata habari ya Mombasa. Tutatimiza thelathini."

"Mwezi ni mmoja, Maalim. Haukuumbwa wa Misri na wa Msambweni."

"Jua nalo ni moja," akajibu taratibu, "lakini wao hawaswali alfajiri yetu."

Hapo Sefu akadakia kutoka safu ya nyuma. "Ni Kairo hiyo hiyo iliyosema wiki mbili?"

Msikiti mzima ukacheka. Watu waliofunga siku ishirini na tisa, midomo imekauka, walicheka mpaka Maalim akainua mkono. Ningeweza kuwaambia kwamba Kairo haikusema wiki mbili. Niliyesema ni mimi, kwa kichwa changu, kwa sababu niliona raha kuulizwa. Sikusema. Niliiacha Kairo ibebe lawama, nikatoka.

Sheria ya jambo hili haina katikati, na kila Mwislamu anaijua. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Kula mchana wa Ramadhani ni haramu vile vile. Kwa hiyo kesho yake ama mimi ama Msambweni yote tungekuwa tumekosea, na mimi sikuwa na shaka hata kidogo ni nani.

Asubuhi ya Jumatano nilioga, nikavaa kanzu mpya niliyoshonewa Likoni, nikajipaka udi. Nikala tende kabla ya swala kama ilivyo sunna, na ile tende ya kwanza, mchana, jua limetoka, nilihisi inapita kooni kwa kelele. Nikaswali Idi chumbani mwangu. Takbiri za Idi zimetengenezwa kwa sauti za watu wengi. Mtu mmoja akizileta anasikia kila mahali anapovuta pumzi. Nilizileta hivyo hivyo, mara ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa sauti ya chini, nyingine kimoyomoyo.

Kisha nikapika. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, nikatia nyama, bizari nzima, mdalasini, hiliki. Nilikuwa nimefunga madirisha, lakini harufu ya pilau haijui dirisha. Nikasikia watu wanapita njiani na kunyamaza wakifika kwangu. Mwanamke mmoja akasema "Astaghafirullahi," na si kwa kunong'ona.

Nilipakua sahani mbili. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kwa mazoea, sahani yangu na sahani ya mgeni, na mgeni hakuwapo. Nikala yangu. Nyama ilikuwa imeiva vizuri, wali umeachana punje kwa punje. Nilikula nikitazama sahani ile nyingine mpaka nikaisukuma yangu kando. Nilikuwa mpweke, na sitafuti neno jingine. Idi si chakula. Idi ni mtu kukupa mkono na kukuuliza umeamkaje, na mimi tangu asubuhi nilikuwa sijasikia sauti ya mtu ila ile ya kuniombea msamaha kwa Mungu.

Ndipo nikapata wazo. Akiniamini mtu mmoja tu, nikawaza, basi itakuwa ni Idi. Nikaifunika sahani ya pili kwa kawa, nikatoka nayo mchana kweupe, saa nne asubuhi, nikapita katikati ya watu waliofunga nikielekea kwa dada yangu. Mbwa tu ndiye aliyenifuata kwa furaha.

Mwanaima alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, anasuka ukili. Nilibisha hodi nikiwa tayari nimeshaingia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Makame." Akanitazama kanzu, akatazama kawa. "Umependeza."

"Leo ni Idi, dada."

"Nilisikia ulikwenda msikitini jana."

"Walinicheka."

"Hilo nalo nililisikia."

Akaendelea kusuka. Nilikaa ukingoni mwa mkeka nikaweka sahani katikati yetu. Tangu siku ile ya kufukia mbata tulikuwa hatujakaa mkeka mmoja. Nilianza kumweleza habari za Kairo, mashekhe wa Kairo, madarasa ya Kairo ambayo yalikuwepo kabla Mwingereza hajajua kuvaa viatu. Akainua mkono nikanyamaza.

"Sikuulizi hao," akasema. "Nakuuliza wewe. Umesikia mwenyewe, kwa masikio yako?"

"Nimesikia mwenyewe. Mwezi umeandama."

Akaweka ukili pembeni. "Wewe umesema, basi," akasema. "Ngoja ninawe."

Akavuta kata, akamimina maji, akanawa mkono wa kulia taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anavyonawa siku zote. Nikafunua kawa. Harufu ikatoka. Mwanamke yule wa miaka sitini na ushei, ambaye hakuwahi kula siku moja ya Ramadhani ila kwa udhuru wa kike au wa ugonjwa, ambaye wenzake watano walikuwa wanafunga masanduku kwenda Makka bila yeye kwa ajili yangu, akasema Bismillahi na kupeleka mkono kwenye wali.

Nilikuwa nimepata nilichokijia. Nilipaswa kufurahi.

Lakini niliyasikia yale maneno yake mawili matatu. Yalikuwa ni yale yale ya mwezi wa kumi na moja, kwa sauti ile ile, na baada yake alikwenda akafunga mlango wa ghala. Dada yangu hakuwa akiiamini Kairo. Kairo haijui, Misri haijui, wala Suezi hajapata kuiona. Aliniamini mimi. Alikuwa ameweka Makka juu ya neno langu nikaifukia shimoni, na sasa alikuwa anaweka funga yake na akhera yake juu ya neno hilo hilo, bila kuuliza bei. Nilikuwa na hakika ya mwezi ule. Wallahi nilikuwa nayo. Lakini hata zile wiki mbili nilikuwa na hakika nazo, na hakika zile mbili, nilipozipima moyoni, zilikuwa na uzito mmoja. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa hata mabomu.

Nikamshika kifundo cha mkono, wali ukiwa vidoleni.

"Dada, usile."

"Kuna nini?"

"Sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Tangazo. Betri ilikwisha kabla hawajalisoma. Nilikisia tu. Niliona aibu kusema."

Mwanaima hakuutoa mkono wake. Tulikaa hivyo, mimi nimemshika, punje moja moja zikianguka sahanini. "Na wewe umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Umeswali na Idi?"

"Nimeswali."

"Utailipa siku hii."

"Nitailipa, dada."

Akakung'uta vidole, akanawa tena, akaifunika sahani na kuipeleka ndani. Nilidhani akirudi ataniambia niende zangu. Alirudi na fungu la miyaa, majani makavu ya kusukia ukili, akanitupia miguuni. "Basi chana hii," akasema. "Mtu aliyekula mchana wa Ramadhani asikae bure."

Nikachana miyaa mpaka alasiri. Nilijizuia na maji, nikafunga na tumbo langu lililoshiba, jambo ambalo ni la kuchekesha, lakini sikucheka. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama paa langu linavuja, nikasema linavuja. Nilimuuliza wenzake wanasafiri lini, akasema Jumatatu, akakaza ukili wake kwa meno. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuchana.

Jioni mawingu yalifunguka. Nilikwenda msikitini kuswali magharibi, nikasimama safu ya mwisho, na tulipotoka nje mwezi ulikuwa pale. Haukuwa ule uzi mwembamba ambao watu hugombana kama upo au haupo. Ulikuwa mnene, umesimama juu ya minazi, hauna haraka ya kutua. Mtoto angeujua kwamba si wa siku moja. Watu wakautazama, kisha mmoja mmoja wakanitazama mimi. Sefu aliangalia ndara zake. Maalim Mwinyihaji alikohoa, akasema, "Thelathini zimetimia, alhamdulillahi," lakini alisema akiwa amenielekea, na uso wake ulikuwa unaniuliza.

Nilikuwa nimengoja saa ile tangu nirudi kutoka vitani. Ningesema neno moja tu. Dunia nzima ilikuwa upande wangu, mwezi ulikuwa shahidi, na baraza yangu ingejaa usiku ule ule. Lakini nyumba ya dada yangu haiko mbali na msikiti, na habari za Msambweni hazihitaji betri. Ningesema kwamba nilisikia, Mwanaima angejua kwamba nilimfungisha siku ya Idi huku nikijua. Kwa hiyo nikamjibu Maalim, "Alhamdulillahi." Sefu akapumua. Nikaondoka nikiwa mtu yule yule wa wiki mbili, na hivyo ndivyo wanavyonijua hadi leo.

Nilimkuta dada yangu amekaa kizingitini, kikombe cha uji mkononi, ameelekea magharibi. Mwezi ulikuwa mbele yake mzima. Hakunikaribisha, alisogea tu nikapata pa kukaa. Alikunywa uji mpaka ukaisha.

"Makame."

"Naam, dada."

"Mwezi huo si wa leo."

Nikakipokea kikombe kitupu.

"Nimeona miezi mingi," akasema. "Naujua wa siku moja."

"Sijui, dada. Mimi sikusikia."

"Hukusikia." Alilirudia bila kunitazama. "Ulipokuwa hujui, ulisema unajua. Nikakuamini. Leo unajua, unasema hujui. Nimekuamini tena." Akacheka kidogo, puani, na sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu mwaka jana. "Mimi nina bahati na wewe."

Machozi yalinitoka, na kwa kuwa giza lilikuwa limeingia nikayaacha. Nikamsikia anahangaika na pindo la leso yake, analivuta kwa kucha, kisha kwa meno, maana fundo lilikuwa la siku nyingi. Akautafuta mkono wangu, akaufungua, akatia sarafu kiganjani. Nilipapasa nikalikuta tundu.

"Mkono wa Idi," akasema.

"Idi ni kesho, dada."

"Yao ni kesho. Ingia ndani ulete ile pilau yako, nimeshinda na njaa siku ya sikukuu."